Ujana wa Bukuru

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyomjibu mkuu wa redio "ndiyo" wakati moyo ulikuwa unaniambia nikatae. Mchezo wangu wa redio ulikuwa umekwisha. Ulihusu mapacha wawili, Bukuru na Butoyi, waliozeeka bila kusalimiana, na Bujumbura nzima iliwalilia. Sasa mkuu alitaka niandike ujana wao. Sikuwa na la kusema. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami niliyatia kwa ndoo.

Kila wiki nilimtupa Bukuru hatarini: mara lori limekatika breki, mara mto umemchukua. Muuza ndagala mmoja akanicheka mbele ya watu: "We kaka, unatuchezea! Bukuru tulishamusikia na mvi zake. Leo atakufaje?" Kwa aibu nikanunua vidagaa vyake nisivyovihitaji.

Rafiki yangu Yusufu, fundi wa kuchomea vyuma katika mtaa wa Buyenzi, alinihurumia. Akazima mashine, akasema, "Mutu akijua mwisho, haogopi tena mwisho. Anaogopa njia."

Kisha akanipa mfano, na mfano wenyewe ulikuwa maisha yake. Siku baba yake alipofariki, alitumwa kumpokea kaka yake, Selemani, aliyekuwa anarudi kutoka Rumonge na kanzu mpya ya baba. Yusufu akashindwa kumwambia. Selemani akataka chai, wakanywa. Akaikunjua kanzu, akauliza, "Itamutosha?" Yusufu akajibu, "Itamutosha." Walipofika nyumbani, baba alikwisha kuzikwa, na Selemani hakuwahi kumswalia.

"Mupaka leo anazani mi pia sikukuwa na habari," Yusufu aliniambia. "Hii ibaki kwako, ndugu yangu."

Haikubaki. Niliwapa mapacha wangu chai ile na maneno yale yale. Kanzu nikaigeuza koti, nikadhani nimemficha mtu. Wasikilizaji walijua tangu mwanzo kwamba ndugu hawa wataachana; lakini Butoyi alipouliza kama koti litamtosha baba, vinyozi walisimamisha mikasi. Yule muuza ndagala alinishika mkono, macho yamemlowa: "Mwambie Bukuru aseme! Aseme sasa hivi!"

Selemani naye alikuwa na redio. Kesho yake alikwenda kwa Yusufu, akamuuliza neno moja tu: "Ulijua?" Yusufu akainamisha kichwa. Selemani akaondoka.

Mwanangu, ukiandika yaliyotangulia hadithi inayojulikana, usihangaike kuuficha mwisho, wala usizushe hatari ambazo kila mtu anajua zitapita. Tufanye tuwapende watu wako, tuwaone wakicheka kwa yale wasiyoyajua, mpaka tutamani kuwapigia kelele. Hayo alinifundisha Yusufu, nami sijapata fundisho bora. Lakini siri uliyopewa ni amana, hata kama ndiyo hadithi nzuri kuliko zote ulizowahi kusikia. Na kama huna la kusema, mwambie mkuu wako hapana. Atakununia wiki moja, basi.

Mungu akujalie subira ya kutafuta hadithi yako mwenyewe, na haya ya kukuzuia mkono.

Mimi ile "ndiyo" ilimpokonya Yusufu kaka yake, nami ikanipokonya Yusufu. Alihamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mpaka anafariki hatukuzungumza tena.