Mkasi Alililia Wembe

Watu wa mtaa ule walimwita Mkasi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata. Si nguo, jamani. Video. Mwenye harusi alimletea mkanda mrefu wa watu wanaotafuna na kupiga miayo, naye akaukata na kuukata mpaka ikabaki ile dakika ambayo bi harusi anacheka na mama mkwe hajanuna. Kwa hilo, haki ya Mungu, alikuwa hodari. Kwa mengine alikuwa mpumbavu wa kupindukia, na huo upumbavu ndio ninaokusimulia.

Kazi aliifanyia katika chumba cha uani, nyumbani kwa mama yake, kwenye laptopu moja kuukuu, nene, nzito kama tofali. Feni yake ilinguruma mpaka majirani wakaiita Kinu. Mama yake, mjane aliyemlea yeye na dada yake kwa kushona sare za shule, alishazoea kumwita kwa sauti ya juu ili asikike. Lakini Kinu hakikuwahi kumwangusha. Ukikipa kazi kilipiga kelele, kikatoa joto, kikamaliza.

Siku moja kampuni ya matangazo ikamwita kwa usaili. Mkasi akatua Kinu juu ya meza ya kioo, akakiwasha, kikaanza kunguruma. Meneja, mama mmoja mwenye kucha ndefu na subira fupi, akarudisha kiti nyuma.

"Hiki nini, jenereta?"

Chumba kizima kikacheka. Hata mlinzi mlangoni alicheka, na wala hakujua kinachochekwa ni nini.

"Kazi yako nzuri," meneja akasema, akijifuta chozi la kicheko. "Ila wateja wetu wakiliona hili dude watadhani tumefilisika. Rudi ukiwa na mashine ya watu."

Alirudi nyumbani amevimba kama chura. Mama yake akaacha kukanyaga cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kazi haina sura, baba. Si inakulisha hiyo?"

"Mama, mambo ya siku hizi huyajui wewe."

"Haya," mama akasema, akakanyaga tena cherehani yake. "Mtoto akililia wembe, mpe."

Basi akaenda kuutafuta. Dukani akaonyeshwa laptopu nyembamba, rangi ya fedha, nyepesi kama sahani, kioo chake kinang'aa mpaka unatamani kujitazama. Akauliza swali la maana, maana mjinga naye huwa na siku zake: "Mimi nahariri video. Hii itamudu kazi nzito?"

Kwa bahati yake mbaya muuzaji alikuwa mtu mkweli. "Kwa muda mfupi inapaa. Ukiikalia kutwa inashika moto, na kwa kuwa haina feni, inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Nafasi ya kuhifadhi ndani ni ndogo. Na diski zako za zamani hazitaingia kwenye matundu yake mpaka ununue adapta. Kwa kazi yako, kaka, ningekushauri ile nene pale."

"Ile nene nimekuja nayo," Mkasi akasema, akamsukumia Kinu kama nyongeza ya bei. Hakukiaga hata.

Ile mpya akaibatiza Wembe. Akawa anatembea nayo mkononi bila mkoba, watu waione. Nyumbani kukawa kimya. Mama yake alichungulia chumba cha uani mara kwa mara, akisema, "Siku hizi hata sijui kama upo au hupo."

Haukupita muda mrefu mama akaanza kuumwa tumbo, na madaktari wakaona uvimbe unaotaka kisu. Dada mtu, aliyekuwa muuguzi nchi ya mbali, akapiga simu huku analia. "Sitapata ruhusa kabla ya upasuaji. Mrekodi, Mkasi. Mrekodi vizuri, uso wote. Mimi sina picha ya mama."

Alisema kweli. Hakuna aliyekuwa na picha ya yule mama. Maisha yake yote alikimbia kamera. Kila picha ya familia ile ina kiganja mbele ya uso wake, au kisogo chake akikimbilia jikoni. Lakini mara hii, kwa ajili ya binti yake, akakubali. Alijipaka mafuta, akavaa gauni la kijani, akaketi karibu na dirisha penye mwanga. Mkasi alikodi kamera kubwa, ile inayoonyesha hadi unywele. Mama akaeleza alivyokutana na baba yao, akawatania, akaimba wimbo wa kubembelezea mtoto, akacheka mpaka vishimo vya mashavuni vikaonekana. Vishimo vile hata Mkasi mwenyewe alikuwa amevisahau.

Picha za kamera ile zilikuwa nzito. Wembe ukazimeza, ukapaliwa. Ukipata joto ulikwama mama akiwa na mdomo wazi, Mkasi akauweka juu ya chupa ya maji ya barafu, akaupepea na kifuniko cha sufuria. Uhodari wote ule wa dukani ukaishia kupepewa kama mgonjwa! Mwisho akatumia mbinu ya wahariri. Alitengeneza nakala nyepesi, picha ndogo hafifu za kukatia tu, ili akimaliza arudishe zile nzito mahali pake. Hapo Wembe ukateleza, naye akakata filamu nzuri kuliko zote alizowahi kukata.

Kabla hajazirudisha, yule meneja, aliyeshapata habari za mashine mpya, akapiga simu. Tangazo la sabuni, la haraka. Mkasi akaenda, akaweka Wembe kwenye meza ileile ya kioo, na meneja akaupapasa kwa kucha zake. "Sasa ndiyo unafanana na kazi," akasema. Mkasi alilewa kwa maneno hayo, maskini, mtu mzima na ndevu zake.

Tangazo lilitaka nafasi, na nafasi haikuwepo. Diski zake za zamani zilikuwa kabatini, adapta bado ni ya kesho, kila siku ya kesho. Kadi ya kamera ilisharudi na kamera kwa mwenyewe. Akafungua picha nzito ya mama yake, akafungua na nyepesi, akaziweka ubavu kwa ubavu kwenye kile kioo kidogo kinachong'aa. Akatazama.

"Mbona zinafanana," akasema.

Kila mhariri anaijua sheria hii, na Mkasi alishawafokea wengi kwa kuivunja: picha za asili hazifutwi mpaka filamu ionekane kwenye skrini kubwa. Kioo kidogo kizuri kinapamba, hata uji kinaufanya uonekane wali. Alijua. Akafuta zile nzito, akamwaga na pipa la takataka za kompyuta lisimbanie nafasi, akaingiza sabuni.

Tangazo lilipendwa. Likapandishwa kwenye ile skrini kubwa ya njia panda, povu jeupe likitiririka mchana kutwa, kila kipovu kina mng'ao wake. Mama yake alilipitia kwenye teksi akienda hospitali, akamwambia dereva asimame kidogo. "Mwanangu ndiye kafanya," akasema. Akaingia chumba cha upasuaji, hakutoka hai.

Dada mtu alifika baada ya mazishi. Akakaa chini sebuleni, karibu na cherehani, hata viatu hakuvua. "Niwekee," akasema. Jirani akaleta televisheni yake kubwa, jamaa wakajaa, na mbele kabisa akaketi mama mdogo, mdogo wake marehemu, akifuta miwani tayari.

Mkasi akaunga waya, akabonyeza.

Sauti ikatoka safi, ile sauti yake, kila mtu akaanza kulia. Picha ikatokea. Lilikuwa gauni la kijani, na juu ya gauni kitu cha kahawia, vipande vipande vya mraba vikisogeasogea. Mdomo ulikuwa doa, na macho madoa mengine. Kitu kile kikacheka, na pale palipokuwa na vishimo vya mashavu pakatetemeka utando.

"Weka ile safi," dada akasema.

Mkasi akaukaza waya uliokuwa umeshakaza.

"Nimesema weka ile safi."

"Ndiyo hiyo, dada. Ndiyo iliyobaki."

Kwenye televisheni mama akauliza, "Nitatoka vizuri kweli, baba? Mimi na picha hatupatani." Na sauti ya Mkasi, kutoka nyuma ya kamera, yenye maringo yake yote, ikamjibu mbele ya ukoo mzima: "Usiwe na wasiwasi, mama. Mashine yangu hii ni ya wataalamu."

Dada akamgeukia, wala hakupaza sauti.

"Nimepita njia panda leo. Povu la sabuni nimeliona moja moja. Ningeweza kulihesabu." Akainuka. "Mama yangu simwoni."

Akaingia chumba cha marehemu, akafunga mlango kwa komeo. Jamaa wakatoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana shughuli nje. Alibaki mama mdogo peke yake, amesogeza kiti mpaka magoti yamegusa televisheni. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akavaa, akavua tena. Akaisogelea skrini, pua karibu iguse kile kitu cha kahawia kilichokuwa kinaimba.

"Hebu irudishe, mwanangu," akasema kwa aibu. "Namsikia dada yangu, simwoni. Ni macho yangu haya, eti?"

Mkasi alimtazama. Akamrudishia mwanzo.

"Ndiyo, mama mdogo," akasema. "Ni macho."