Siku tuliyongoja Ziwa Victoria lijae ili Odhis asurf

Wakuu, salamu kwenu wote. Nitasimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi, maana hata maji yenyewe hayakuwa na chumvi.

Mimi ni mtu wa Ntimaru. Kwetu tunajua ng'ombe na mahindi. Maji mengi tunayoyaona ni ya mvua.

Rafiki yangu Odhis ni wa Sindo, kando ya Ziwa Victoria, tulisoma naye college. Alikaa Diani, kule Pwani, miaka minne akifundisha watalii kusurf. Akarudi nyumbani na ubao mrefu kama mlango wa kanisa.

Shida ni kwamba mamake hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Akiulizwa sokoni mtoto alikuwa anafanya nini Pwani, anajibu "alikuwa kwa maji" na kubadilisha story. Hilo lilimuuma Odhis sana. Akaapa mama lazima amwone amesimama juu ya wimbi, hata mara moja tu.

Mimi niliitwa nishike simu, nirekodi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuko ufuoni. Mama ameacha omena zake, vile visamaki vya ziwa anavyouza, zikikauka, amefunga kitambaa cha kanisa, ameketi juu ya ndoo.

Ziwa limetulia kama uji uliopoa. Wimbi kubwa kuliko yote lilinifika kwenye kifundo cha mguu, na mimi si mrefu.

Odhis akafungua app. "Tulia bro. Maji inajaa saa tatu na nusu. High tide."

Tukangoja. Saa tatu na nusu ikafika, ikapita. Bata wawili wakapita pia.

Saa nne nikaomba kuiona hiyo app. Wakuu, jamaa alikuwa anasoma ratiba ya Mombasa! Mtoto wa Sindo, amezaliwa hatua chache kutoka ziwani, anangoja ziwa lijae kama bahari. Nilicheka hadi nikakaa kwenye matope.

Omollo, mvuvi jirani yao aliyekuwa anashona nyavu, akauliza kwa upole, "Sasa hiyo mashua yako, injini unawekanga wapi?"

Odhis akajaribu hivyo hivyo. Analala kifudifudi, anapiga maji kwa mikono, ubao unakwama kwenye mchanga. Mara sita.

Ya saba hakuinuka haraka. Nikamwona uso, kicheko kikaniishia. Kwa huruma nikairudisha simu mfukoni.

Hapo mama akasimama. "Omollo, washa boti. Nyathina, mtoto wangu, anataka wimbi, mpatie wimbi."

Boti ikapita mbio karibu na ufuo, ikaacha wimbi la kufika magotini. Odhis akaruka juu ya ubao.

Akasimama!

Sekunde tatu, nilihesabu. Kisha akaanguka na mgongo.

Mama alipiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Odhis akatoka majini akitetemeka, ananiuliza, "Umeshika?"

Simu bado ilikuwa mfukoni. Nilitamani matope yanimeze.

"Mimi nimeona," mama akamjibu. "Huyo wa simu ni wa nini?"

Juzi nilipita tena Sindo. Mama anasimulia sokoni mwenyewe, bila kuulizwa. Wimbi sasa limefika paa la kanisa, na mtoto wake alikuwa juu kabisa. Akaniita nije nitoe ushahidi mbele ya wateja.

Nikaangalia viatu vyangu. "Ni kweli, mama. Lilikuwa kubwa sana."

Nilichojifunza: kabla hujamcheka mtu, angalia kwanza nani ameketi juu ya ndoo akimtazama.

Haya, uwanja ni wenu, mcheke nami au mnitukane kuhusu ile video. Ila mkipita Sindo kununua omena, tafadhali, wimbi lilikuwa kubwa.