Kidonda cha Severina na Mbio za Madibira

Severina alipopewa kazi ya kugawa maji kwenye skimu ya mpunga ya Madibira, wanawake wenzake walimpigia vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya wanaume watupu. Mgawa maji huamka ukungu bado umelala juu ya majaruba ya mpunga, akapanda baiskeli, akafuata mfereji mkuu akifungua geti hapa na kufunga kule, ili kila mkulima apate zamu yake. Siku nzima ni baiskeli. Mama huyu wa watoto watatu, mwenye miaka thelathini na sita, hakuwahi kupenda kazi kama alivyoipenda hiyo. Akiwa juu ya tuta, upepo wa Usangu ukimpiga kifuani na mpunga umetanda kijani kushoto na kulia, alijiona kama amekabidhiwa nchi nzima.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kaka yake Saulo, ndefu na nzito, siti yake ya ngozi imebonyea katikati na pua yake imeinuka. Severina hakujali. Magugu yakiziba geti aliingia majini kuyatoa, akatoka ameloa mpaka kiunoni, akapanda tena na kuendelea hivyo hivyo. Jioni alifika nyumbani nguo zimemkaukia mwilini.

Mwezi wa tatu wa kazi akaanza kuwashwa, kisha akachubuka. Vikatoka vipele pale hasa anapokalia, na kimoja kikawa kigumu kama punje ya mahindi. Wagawa maji wenzake walikuwa wakitaniana kwamba makalio ya kazi ile lazima yaote sugu, kwa hiyo akaona naye anaota sugu. Angemwambia nani, na angeanzaje? Alijipaka mafuta ya kupikia, akauma meno, akawa anaendesha amesimama.

Ndipo likabandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya skimu: mbio za baiskeli za mavuno, mizunguko mitatu ya barabara ya mfereji, kilomita sitini, wanaume na wanawake pamoja. Severina aliandika jina lake siku hiyo hiyo, moyo ukimdunda kama wa msichana. Kila akimaliza kazi akawa anazunguka tena kufanya mazoezi. Kidonda kikazidi. Siku ya tisa akapata homa, macho yakaingia giza, akaanguka na baiskeli yake juu ya tuta. Jirani yake Devota, aliyekuwa akipalilia karibu, ndiye aliyemwinua na kumpeleka zahanati kwa bodaboda, Severina amekaa upande mmoja huku machozi yakimtoka.

Nesi wa zamu aliitwa Rukia, mwanamke wa Mbeya mjini, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimlaza kifudifudi, akakiangalia kidonda.

"Dada, hili jipu lina siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Na baiskeli umeendelea kupanda?"

"Ndiyo kazi yangu, nesi."

Rukia hakumgombeza. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kupika. Ngozi inayosuguliwa huku imeloa huchubuka, jasho na uchafu huingia kwenye mchubuko, na hapo jipu hujitengenezea nyumba. Alilipasua na kulisafisha, akampa dawa za kumeza na kumwagiza azimalize zote hata homa ikishuka. Nyumbani asikamue kitu chochote. Asafishe kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akaushe kwa kugusa-gusa bila kusugua, kisha aje kila siku kubadilishiwa bandeji. Halafu akasema lile Severina alilokuwa akiliogopa.

"Baiskeli usiiguse mpaka pafunge kabisa. Wiki mbili, pengine zaidi."

Mbio zilikuwa zimebaki wiki sita. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa kazi, maana waliosema mwanamke hataiweza walikuwa bado wanahesabu siku. Alikwenda kwa msimamizi wake, Mzee Sosthenes, amejiandaa kudanganya kwamba ni malaria. Alipofungua mdomo, ukweli ukatoka wenyewe.

"Mzee, nina kidonda cha siti ya baiskeli. Nisipopumzika kitaniharibu."

Mzee Sosthenes alitazama dari, akatazama kalamu yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye, enzi zake mferejini, aliwahi kulala kifudifudi mwezi mzima na mkewe akidhani amenuna. Akampangia kazi ya kuandika zamu za maji ofisini, na mgawa maji mwenzake, Aroni, akashika mfereji wake mpaka apone.

Kidonda kilifunga siku ya kumi na sita. Rukia alimruhusu kuanza na safari fupi, akampa na taiti ya wanamichezo aliyoinunua kwenye mitumba Mbeya, yenye sponji laini na isiyo na mshono pale pa kukalia. Aivae bila nguo nyingine ndani, aifue kila siku, aianike juani ikiwa imegeuzwa. Kabla ya kupanda ajipake mafuta ya mgando. Akiloa, abadilishe. Akisikia pamoto mahali, apumzike siku hiyo hiyo, asingoje jipu.

Baiskeli nayo ikapelekwa kwa Fundi Mrisho pale sokoni. Alimwambia Severina aipande huku ameishikilia, akamtazama kwa nyuma, akacheka. Siti ilikuwa juu mno, kwa hiyo kila akikanyaga pedeli kiuno kiliyumba kulia na kushoto, ngozi yake ikasagwa. Akaing'oa ile ya ngozi iliyobonyea, akaweka siti nyingine, pana kwa nyuma na ngumu kiasi, akaishusha vidole vitatu na kuilaza pua yake iwe sawa. Severina alidhani ya sponji nene ndiyo nzuri. Mrisho akamwambia sponji nene hubonyea na kubana nyama, kwa mwendo mrefu ni adhabu. Severina akazunguka soko mara moja, akarudi mbio. Haumii! Akazunguka tena, na tena, mpaka wauza nyanya wakaanza kumshangilia bila kujua wanashangilia nini.

Siku ya mbio walijipanga watu thelathini na mmoja, wanawake wanne. Mzunguko wa kwanza wanaume walimwacha kama amesimama. Wa pili, pale mfereji ulipofurika barabarani, wote waliloa, na baada ya hapo Severina akaona jambo lililomfurahisha mno: mbele yake, mmoja baada ya mwingine, walianza kuendesha wamesimama. Aliijua sana ile sura ya meno yaliyoumana. Yeye alikuwa amekaa, miguu inazunguka kama mashine ya kukoboa. Akampita mmoja, akawapita watatu kwa mpigo. Kwenye daraja la mwisho akamkuta Aroni, wakaenda bega kwa bega, watu wamejaa tutani wanapiga madebe, Devota anakimbia kando na kanga mkononi. Aroni alisimama kwenye pedeli ili avute. Severina akainama na kukanyaga kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Akavuka mstari akiwa wa tatu kati ya wote, wa kwanza kwa wanawake, Aroni nyuma yake kwa urefu wa tairi.

Wakati akipewa zawadi yake, wanaume walianza kumsogelea, kila mmoja akitafuta pa kunong'ona. Dada Seve, eti unapaka nini? Severina hakunong'ona. Alipanda juu ya benchi akawaambia yote kwa sauti: kukauka, kufua, mafuta, kupumzika, siti, na mlango wa nesi Rukia. Wengine waliinamisha macho, lakini hakuna aliyeondoka.

Kabla hajashuka, mgeni mmoja kutoka Mafinga alimuuliza kama angekubali kuja kwenye mbio zao baada ya miezi miwili. Severina alijibu ndiyo, kisha ndipo akauliza ni kilomita ngapi.