Jumapili Baba Anatubu Wizi wa Mafuta, na Mume Wangu Ndiye Anayejua Ukweli

Admin, nisitiri jina. Na majina ya watu wangu siyataji, maana Tunduma ni ndogo na wengi wa hapa wanasoma ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kike. Mume wangu ni fundi magari hapa Tunduma. Baba yangu mzazi ana miaka sitini na moja, anaishi Igamba, na ameshika usukani tangu mimi sijazaliwa. Pia ni mzee wa kanisa. Hao wawili nawapenda, na hao wawili ndio wanaoniliza.

Baba alikuwa dereva wa gari aina ya Noah la mfanyabiashara mmoja wa hapa, akisambaza bidhaa kwenye maduka ya vijijini huko Mbozi. Kazi hiyo nilimwombea mimi. Bosi huyo magari yake yote yanatengenezwa na mume wangu, na hata kiwanja cha gereji ya mume wangu ni cha bosi huyo.

Mvua zilipoanza, gari likaanza kula mafuta. Yale yaliyokuwa yanatosha kwenda na kurudi yakawa yanamwishia Vwawa, anakwama barabarani na kumpigia bosi simu. Mara ya kwanza bosi alituma hela. Mara ya tatu akamwita baba mbele ya vijana wa kupakia mizigo.

"Mzee, sema ukweli. Njiani una wateja unaowauzia mafuta yangu kwa madumu?"

Baba akamjibu, "Bosi, panda gari twende wote, uone kwa macho yako."

Bosi hakupanda. Alinyoosha mkono akadai funguo. Kufika Igamba, baba alikuta habari zimeshamtangulia. Kanisani wakamvua uzee wa kanisa na kumzuia kushiriki meza ya Bwana.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wiki moja kabla baba hajafukuzwa nilipanda gari hilo na mwanangu kutoka Igamba. Kwenye boneti kulikuwa na mlio wa paf-paf kila baba akikanyaga mafuta, na ndani kunanuka moshi. Kichwa kiliniuma, mtoto akatapika, tukafungua vioo vyote. Nilimwambia mume wangu siku ileile. Akasema, "Gari la zamani hilo, mke wangu. Lina makelele yake."

Baba alipofukuzwa nikamuuliza tena mume wangu. Tulikuwa mezani mchana. Akaacha kula, akanawa mikono kabla hajashiba.

"Bolti niliivunja mimi," akasema.

Nikamwambia sielewi. Akanieleza kwamba wakati anatengeneza gari hilo alikata bolti ya ekzosi pale bomba la moshi linapoungana na injini. Akaona kulifungua lote ni kazi ya siku nzima, akapaka gundi ya silikoni, akakaza hivyohivyo. Joto likaiunguza gundi, pakabaki upenyo.

"Pale karibu kuna sensa inayopima moshi. Hewa ya nje ikiingia kwenye ule upenyo, sensa inadanganyika, inaona injini haipati mafuta ya kutosha. Basi gari linajiongezea lenyewe. Baba yako hajaiba hata tone."

Nililia kwa hasira. Nikamwambia, "Twende kwa bosi sasa hivi." Akaniomba wiki moja ajipange namna ya kusema. Nikampa. Hilo najilaumu mpaka leo, kwa sababu ndani ya wiki hiyo gari lilipoletwa kubadilishwa oili, aliziba lile tundu kimyakimya. Akatoa kipande cha bolti, akaweka gasketi mpya, hakumwambia mtu.

Dereva mpya akaenda Mbozi na kurudi, mafuta yakabaki. Bosi akasimama palepale gereji akicheka, "Mnaona? Mzee kaondoka, mafuta yanatosha!" Mume wangu alikuwa chini ya gari jingine. Alimsikia, akaendelea kukaza nati.

Ndugu zangu, gari kupona ndiko kulikomfunga baba. Hata waliokuwa wanamtetea wakakata tamaa.

Juzi nilikwenda Igamba. Baba amekonda. Mdogo wangu wa kike anafunga ndoa hivi karibuni, na wazee wa kanisa wamesema baba akitubu hadharani, yataisha. Mama naye amemsihi sana.

"Nimechoka, mwanangu," baba akaniambia. "Jumapili nitasimama niseme niliiba. Mdogo wako aolewe kwa amani."

"Lakini baba, hukuiba."

Akanitazama. "Wewe una hakika?"

Nilikuwa na jibu kamili mdomoni. Nikainamisha kichwa, nikasema tu, "Nakujua, baba." Akashukuru. Shukrani ile imenichoma kuliko tusi.

Niliporudi nilimwambia mume wangu kila kitu. Akakaa chini, akashika kichwa. "Nikisema, bosi ananifukuza kiwanjani, na hakuna tajiri wa Tunduma atakayeniletea gari. Tutakula nini?" Nikamwambia basi nitasema mimi. Akasema, "Ukisema, usirudi hapa." Kisha akalia. Miaka sita ya ndoa sijawahi kumwona akilia. Si mtu mbaya, hajawahi kuninyanyulia mkono, na kila mwezi anawatumia wazazi wangu sukari na sabuni. Lakini jambo hili kalikataa kabisa.

Ushahidi sina, gari limeshapona. Nikisema peke yangu, watasema binti anamtetea baba yake, mume wangu atakana, nami nitakuwa nimevunja nyumba bure. Nikinyamaza, baba atakufa akiitwa mwizi.

Leo ni Alhamisi. Mchana baba amenipigia simu. Ananiomba Jumapili nikae benchi la mbele, anasema akiniona pale atapata nguvu ya kutamka.

Niende nikakae pale nimsikilize? Au nisimame kabla yake? Wenye hekima, waliopitia magumu kama haya, naombeni mnishike mkono. Siku zilizobaki ni mbili tu.