Mama Teodora na Msimu wa Besiboli wa Buswelu

Mama Teodora Shigela alikabidhiwa timu ya besiboli kama mtu anavyokabidhiwa mtoto wa jirani: mshikie kidogo tu, mama, mwenyewe anarudi sasa hivi. Mwenyewe alikuwa mkufunzi kijana aliyeuleta mchezo ule katika chuo cha ualimu cha Buswelu. Alikwenda masomoni ng'ambo, akanogewa huko, na hakurudi. Wakufunzi wengine walipoulizwa nani ataichukua timu, kila mmoja alikumbuka kazi aliyokuwa hajaimaliza. Matroni wa mabweni, ambaye hakuwa amehudhuria kikao hicho, akateuliwa kwa kauli moja.

Alikuwa mama mnene wa mwendo wa pole, mjane, mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba wanachuo walimsikia kabla hawajamwona. Mwezi wa Desemba angestaafu. Kuhusu besiboli alijua mambo machache: kwamba mmoja hurusha mpira, mwenzake huupiga kwa gongo, kisha aliyeupiga hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi pale alipoanzia bila kunaswa, timu yake huhesabiwa pointi. Kukimbia mbio zote zile ili mtu arudi alipokuwa amesimama tangu mwanzo, yeye aliona ni upuuzi mtupu. Lakini alikuwa amelea vijana wenye upuuzi mkubwa kuliko huo, na hawa akawapenda.

Adui wa timu hakuwa timu nyingine. Alikuwa Mkuu wa Chuo, Mwalimu Jairo Ooko, mzaliwa wa mwambao wa Shirati, mtu mwadilifu ambaye hakuweza kuona ardhi tambarare asiwaze bwawa la samaki. Uwanja wa besiboli ulikuwa tambarare kuliko ardhi yote ya chuo. Mwanzoni mwa msimu alimwita Mama Teodora ofisini, akamwonyesha kwa kidole, kupitia dirishani, mahali ambapo sato wake wangeogelea.

Mama Teodora alimuuliza kama ziwa lote lile lililokuwa likionekana kule chini lilikuwa halimtoshi.

"Ziwa ni la watu wote, Mama Shigela. Bwawa litakuwa la chuo," alisema Mkuu. "Uwanja ule unatazamwa na mbuzi watatu, na mmoja wao ni kipofu. Ushindi sikudai, maana timu yako naijua. Nionyeshe watu. Mechi ya mwisho nitakuja kukaa pale mwenyewe. Nikiona watu wamejaa upande wetu, nitachimba bwawa mahali pengine."

Alitoka ofisini humo akiwa na uso wa huzuni, kama ilivyompasa mtu aliyepewa sharti gumu. Alipopita kona ya jengo, akatabasamu. Mkuu hakujua alikuwa amemwomba nani kitu gani.

Katika usichana wake, Mama Teodora alicheza ngoma katika kundi la Bagika. Wasukuma wa rika lake hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wa leo pengine wahitaji. Baada ya mavuno, makundi mawili, Bagika na Bagalu, hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna hakimu wa kutoa alama. Watazamaji wako huru. Wakichoshwa na hawa huwakimbilia wale, na jioni kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo mchezaji hodari hakuwa yule aliyecheza vizuri tu. Alikuwa yule aliyejua kumvuta mtu kutoka upande wa pili, na kumnyima nafasi ya kukumbuka njia ya kurudi. Masista waliomsomesha Teodora walimpigisha magoti mara nyingi kwa sababu ya ngoma hizo. Alipiga magoti kwa utii, na huku vidole vyake vikihesabu mapigo sakafuni.

Basi alianza kazi. Aliazima ngoma za kwaya ya kigango, akamweleza mwenyekiti wa kwaya kwamba ni kwa ajili ya malezi ya vijana, jambo ambalo halikuwa uongo. Kila jioni ya mazoezi ngoma zililia pembeni mwa uwanja. Nahodha wa timu, Elias, kijana mkavu aliyeusoma mchezo ule kama watu wanavyosoma sheria, alikuja kulalamika. Alisema mtu hawezi kuutazama mpira unaokuja kwa kasi huku ngoma inamgonga kisogoni.

"Utazoea, baba," alimjibu. "Wanangu wanne walizoea kulala harusini."

Msimu wenyewe ulianza vibaya, kisha ukazidi. Mechi ya kwanza ilichezwa ugenini, kwenye kiwanja kimoja cha Igogo kilichozungukwa na majabali. Mpira ulipopotea kati ya mawe, kijana wa Buswelu aliyetumwa kuutafuta alikawia sana, akarudi na yai. Walifungwa kwa pointi ambazo Elias hakupenda zitajwe bwenini. Mechi ya pili, nyumbani, mrushaji wao alimgonga mwamuzi begani, na mwamuzi, ingawa alisema amesamehe, hakuonekana kusamehe hadi mwisho. Wakafungwa tena.

Lakini watu walianza kuja. Mama Teodora alikuwa amewafundisha wapigaji wasiende kupiga kama watu wanaokwenda kliniki. Kila mmoja alitoka akicheza, akalirusha gongo hewani likazunguka mara mbili, akalidaka nyuma ya mgongo, kama wacheza ngoma wa zamani walivyorusha majembe. Magongo mengine yaliangukia miguu ya wenyewe, na hilo nalo lilivuta watu. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama. Waendesha bodaboda walizima pikipiki. Wazee wa Buswelu walikuja na viti vyao, na wakauelewa mchezo mara moja kwa namna yao: hawa wanacheza upande huu, wale upande ule, na sisi ndio tutakaoamua.

Ndipo ilipotokea, mwisho wa mechi ya tatu, waliyofungwa pointi kumi na nne kwa mbili, mzee mmoja akamfuata Elias akiwa ameunyoosha mkono.

"Hongera sana, mjukuu wangu. Mmewashinda vibaya wale."

"Shikamoo, babu. Tumefungwa."

"Nani amewafunga? Wale walibaki na nani? Dereva wao mwenyewe alikuwa huku."

Elias hakulala vizuri usiku ule. Kadiri alivyofungwa ndivyo alivyopongezwa, hata muuza chapati akawa anamwongezea moja ya bure kwa ushujaa. Alikwenda kwa matroni, akasema kwa uchungu kwamba timu yake imegeuzwa kuwa kikundi cha burudani, na kwamba yeye angependa, japo mara moja kabla hajamaliza chuo, kushinda kama watu wengine wanavyoshinda. Mama Teodora alimsikiliza hadi mwisho. Alimwonea huruma, kwani lilikuwa ombi dogo. Akamwambia kwanza waokoe uwanja, halafu wataona cha kuufanyia.

Mechi ya mwisho ilipangwa dhidi ya chuo kimoja cha ng'ambo ya Busisi. Tangu daraja lifunguliwe, wageni wa upande ule hawana tena kisingizio cha kivuko. Walifika asubuhi na mapema, kabla ngoma hazijawambwa vizuri juani. Basi lao lilipofunguliwa mlango, wa kwanza kushuka hakuwa mchezaji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, wa umri wa Mama Teodora, mwenye kapu kubwa lililofunikwa kitenge.

"Mwangaluka, Teodora," alimwamkia kwa Kisukuma. "Nilisikia kuna mtu huku anachezesha besiboli kwa mtindo wa Bagika. Nikajua ni wewe, maana wengine wote walishaona aibu wakaacha."

Mama Teodora alijikuta ameshika kiuno. Mgeni huyo alikuwa Bernadeta Luhaga. Walikaa dawati moja shule ya misheni, walipiga magoti pamoja, na Jumapili jioni walitengana: Bernadeta alikuwa Bagalu. Msimu wao wa mwisho kabla ya kuolewa, Bernadeta aliwanyang'anya Bagika watu wote wa uwanja, hata shangazi wa Teodora mwenyewe. Sasa naye alikuwa matroni, na mlezi wa timu ya wageni.

"Umekonda, Bernadeta. Huko kwenu hamna samaki?"

"Samaki wapo. Nasikia ni huku kwenu wanakotafutiwa makazi."

Kwa hiyo habari ya bwawa ilikuwa imeshavuka daraja. Mama Teodora alikwenda kuwapanga vijana wake.

Alasiri uwanja ulifurika. Mkuu wa Chuo alikuwa ameketi katikati, chini ya turubai, katika kiti chenye mito, ili ahesabu kwa haki. Buswelu walianza kwa nguvu zote. Ngoma zililia, magongo yaliruka, na mpigaji wa tatu alikwenda kupiga akitembea kwa mikono. Umati wote ulikuwa upande wao, umebanana hadi kwenye mstari. Mkuu alionekana akitikisa kichwa kama mtu anayeyaaga mabwawa yake. Upande wa pili Bernadeta alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda, kapu limekaa mbele yake, akifuma kitambaa.

Mchezo ulipofika katikati, Bernadeta aliweka uzi chini. Akainua ncha ya kitenge, akachungulia ndani ya kapu. Akacheka kidogo, akafunika. Akaendelea kufuma.

Baadaye akafanya hivyo tena. Safari hii alitikisa kidole, akakisemesha kilichokuwamo, kisha akafunika haraka kama anayehofia kisitoke.

Mwanamke mmoja upande wa Buswelu akamgusa mwenzake. Wote walijua Bagalu wa zamani walicheza na wanyama gani. Mmoja alisema ni chatu. Mwingine akasema chatu hawezi kukaa katika kapu, huyo ni nungunungu. Wa tatu alisema anakwenda kuangalia mara moja tu, ashikiwe nafasi yake. Hakurudi. Wakafuata wawili, wakafuata kumi, na punde umati mzima ulikuwa ukivuka kando ya uwanja kama maji yaliyopata mwanya. Mama Teodora aliagiza ngoma ziongezwe. Akaagiza magongo mawili yarushwe kwa pamoja. Mwishowe yeye mwenyewe, na unene wake na funguo zake, aliingia katikati akacheza hatua alizokuwa hajazicheza tangu aolewe. Mzee mmoja wa wale waliokuja na viti alisimama akamtazama kwa heshima kubwa. Kisha akabeba kiti chake akavuka.

Sasa upande wa Buswelu kulikuwa na wapiga ngoma na mbuzi watatu tu. Mama Teodora alihema, akajua bwawa limechimbwa.

Hakuona kilichokuwa kikiendelea uwanjani, kwa kuwa ilikuwa desturi yake kutokutazama huko. Wachezaji wa ng'ambo hawakuzoea vurugu. Walizoea kucheza kwa utulivu, wakisikia sauti ya kocha wao. Mlezi wao kila alipochungulia kapu, nao waligeuka. Vijana wa Buswelu, waliokuwa wamegongwa visogo na ngoma msimu mzima, hawakugeukia chochote. Hata uwanja ungewaka moto wangeutazama mpira. Pointi zikalingana. Zamu ya mwisho Elias alitoka kupiga bila kucheza na bila kurusha gongo, maana hakuwapo wa kumtazama. Aliupiga mpira ukaenda juu na mbali, ukamwendea mdakaji wa mwisho wa wageni, aliyekuwa amesimama mahali pake sawasawa, glovu imeinuliwa, na shingo imegeukia kwenye kapu. Mpira ulianguka miguuni pake kwa adabu. Elias alivizunguka vituo vyote akarudi pale alipoanzia.

Walishinda kwa pointi moja, ushindi pekee wa msimu. Vijana walimbeba nahodha wao, naye akalia waziwazi. Wazee wa Buswelu walipomkuta katika hali ile walimpa mkono mmoja baada ya mwingine.

"Pole, mjukuu wangu. Leo mmeonewa. Mwakani mtashinda."

Mama Teodora alivuka uwanja taratibu, kama inavyompasa aliyeshindwa. Turubai la Mkuu lilikuwa tupu. Alimkuta Mwalimu Ooko mstari wa mbele kabisa, amechutama kando ya kapu, suruali ya suti imejaa vumbi.

"Watu walijaa, Mama Shigela, sikatai," alisema akiinuka haraka na kujipangusa. "Ila hawakuwa upande wetu. Tulikubaliana upande wetu."

"Ni kweli, Mkuu. Na wewe ulikuwa upande gani?"

Mkuu alikohoa. Akaangalia saa yake, akakumbuka ana wageni, akaondoka. Lakini mara mbili aligeuka kulitazama kapu.

Watu walipotawanyika, Bernadeta alimwita mwenzake akae. Akaondoa kitenge. Ndani ya kapu mlikuwa na michembe, viazi vikavu vya kutafuna, na karanga kidogo.

"Chakula changu cha mchana," alisema. "Nilikuwa nachungulia kama wanafunzi wangu hawajaniibia."

Mama Teodora alicheka hadi funguo zikalia. Walitafuna michembe pamoja hadi basi lilipopiga honi, na Bernadeta hakuacha kumkumbusha kuhusu shangazi yake.

Jumatatu Mkuu alimwita ofisini. Alizungumza kwanza juu ya mashuka, kisha juu ya hali ya hewa. Kisha akasema, akitazama karatasi zake, kwamba wataalamu wameshauri mteremko wa nyuma ya jiko unafaa zaidi kwa bwawa. Uwanja uachwe. Mama Teodora alishukuru, akaufikia mlango.

"Mama Shigela. Mle kapuni mlikuwa na nini?"

"Mkuu, mimi ni mtu wa Bagika," alisema kwa upole wote aliofundishwa na masista. "Mambo ya Bagalu nitayajulia wapi? Labda mwakani, wakija tena kucheza, umuulize mwenyewe."

Mkuu akaiandika mechi hiyo ya mwakani pembeni mwa kalenda yake ya ukutani, kwa wino mwekundu. Jumamosi Mama Teodora alikwenda kanisani, akauungama uongo ule kwa padri. Padri alimuuliza kama yuko tayari kwenda kumweleza Mkuu ukweli. Akajibu kwamba yuko tayari kabisa, baada ya mechi.