Kuku Waliongoja Kubebwa

Maneno aliyasikia kwenye foleni ya maji, na tangu siku hiyo yakamganda kama kupe: kuku wa njia panda hawakai. Ukiwanunua leo na kuwafungulia keshokutwa, jioni wanarudi kwa yuleyule aliyekuuzia, naye anawauza tena.

"Kuna mama kamnunua kuku mmoja mara mbili," alisema mwanamke aliyekuwa mbele yake na ndoo yake. "Nusura wasalimiane."

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Juzi yake alikuwa amenunua kuku sita, palepale njia panda.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro robo, jioni, na yule mnunuzi wa kuku sita amesimama nyuma ya mlango wa jiko lake, mikono imefungwa kwa nyuma na mtandio. Aliyemfunga ni bintiye wa miaka tisa, na aliyeomba kufungwa ni yeye mwenyewe. Hatua ishirini mbele yao, mlango wa banda la mbao uko wazi. Uani kuna kuku wanane wanaparura. Jua linashuka, naye anawahesabu kwa midomo, bila sauti.

"Mama, unatetemeka."

"Baridi."

"Baridi iko wapi?"

Majirani wanamwita Mama Kufuli, kwa sababu ya ufunguo anaouning'iniza shingoni usiku na mchana. Wanamtania kwamba hata sufuria ya uji anaifunga. Hawakosei sana. Ni mtu anayerudi mara tatu kutazama kama moto wa jiko umezimika.

Kwa miaka sita alifua nguo kwenye nyumba za watu, nyumba nne kwa wiki, akimwacha mtoto kwa jirani. Mtoto ana pumu. Siku moja alirudi akamkuta kalala sakafuni, midomo imebadilika rangi, na jirani anapika, akidhani mtoto kapitiwa na usingizi.

"Toka siku hiyo nikasema kazi ya kunitoa hapa nyumbani siiwezi tena," anasema. "Mayai nayauzia hapa hapa mlangoni. Kuku wakipotea, narudi kwenye beseni la watu. Na huyu nitamwacha na nani?"

Hilo ndilo linalomtetemesha.

Wale sita wa kwanza aliwafungulia siku ya tatu. Aliwaonea huruma, walivyokuwa wakichungulia kwenye wavu kama wafungwa. Jioni hakurudi hata mmoja. Asubuhi alikwenda njia panda akachungulia tenga moja baada ya jingine, mpaka muuzaji akamwuliza, "Dada, unatafuta kuku au unatafuta ndugu zako?"

Hakuwaona. Hata hivyo hakumwamini muuzaji. Maneno ya foleni yalikuwa yameshamwingia.

Aliyemtoa ujinga ni fundi baiskeli wa nyumba ya pili, mzee wa maneno machache na mikono ya grisi.

"Kuku hana ramani, mwanangu," alimwambia. "Anapajua pale alipozoea kulala. Kwako kalala siku mbili, hapajui. Giza likimkuta, anajikunyata kwenye kichaka chochote, na kicheche, mwizi wa kuku, anakijua kichaka hicho. Wafungie wiki mbili. Wale mle, wanywe mle, walale mle."

Akanunua wengine kumi na wawili. Akawafungia wiki tatu. "Mbili za fundi, moja ya woga wangu," anasema. Alimwaga maranda chini, akagongelea fito za kulalia, akaziba kila tundu linaloingia kidole. Hakumruhusu mtoto kukaribia, kwa sababu ya vumbi. Alifagia mwenyewe, kajifunga kitambaa puani.

Siku ya ishirini na mbili akawafungulia. Na hapo ndipo alipoharibu, na mwenye kuku wapya nyumbani asikie vizuri.

Hakuweza kungoja. Ikifika saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo, alikuwa ameshaweka mwiko chini. Anatoka uani, anawaokota mmoja mmoja kama mtu anayeanua nguo mvua ikinyemelea, anawaingiza bandani, anafunga. Kumi na wawili wote. Halafu ndiyo anakula.

Wiki ya pili, kuku wakaanza kumfuata wenyewe. Jioni wanakuja mpaka kizingiti cha jiko, wanachuchumaa, mabawa wameyalegeza, wanangoja.

"Nikaona wamenipenda," anasema. "Nikajisifu kwa majirani. Nikasema kuku wangu wana adabu kuliko watoto wao."

Mayai yalifika tisa kwa siku. Akaanza kulala usingizi wa kweli.

Mwezi haujaisha, alasiri moja, kifua cha mtoto kikabana. Dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha kwenye kichupa, na yeye hakujua. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Wakamweka kwenye benchi, wakamvalisha mashine ya mvuke usoni. Mama akawa anautazama uso wa mtoto, kisha dirisha. Uso, kisha dirisha. Mwanga ulikuwa unaondoka.

"Banda niliacha wazi. Chakula kimo, maji yamo. Mtu mwingine angesema wataingia. Lakini nilipokaa pale ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kuwaona wakiingia. Hata siku moja."

Alirudi saa moja ya usiku imepita, mtoto mgongoni, anapumua vizuri. Mlangoni alimkuta fundi baiskeli na taa na kipande cha bomba.

"Pole, mwanangu. Nimesikia kelele nikaja. Hawa wamepanga foleni kizingitini kama wanasubiri chanjo. Nimewaswaga waende bandani, wananitazama tu. Nikasema basi nikae nao."

Walikuwa wanane. Manyoya ya wanne yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye ua wa miti.

Banda lilikuwa wazi, hatua ishirini. Kuku wale walizoea kulala mle, lakini njia ya kuingia walijua moja tu: mikono yake.

"Wale wanne niliwaua mimi," anasema. "Kicheche alikuja kuwachukua tu."

Akawafungia upya, siku kumi. Safari hii aliweka ngazi fupi ya mabanzi. Mahindi yaliyoparazwa aliyamwaga ndani, jioni tu, na hakumgusa kuku hata mmoja. Leo ndiyo siku ya kwanza ya kuwafungulia. Amewafungulia saa kumi na moja, wakiwa na njaa.

"Ufunge kwa nguvu," alimwambia binti. "Na usinifungue hata nikikuomba."

Mwekundu anapanda ngazi wa kwanza, anasita, anaingia. Wawili wanamfuata. Wa nne anageuka, anarudi kuparura, halafu anaingia kwa mbio kama aliyeitwa. Watano. Sita. Saba.

Wa nane ni kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Anavuka uani taratibu mpaka kizingitini. Anachuchumaa. Analegeza mabawa.

"Mama, anakuangalia."

"Namwona."

Kwenye ua wa miti kitu kinachakarika. Labda mjusi. Mama anavuta mikono, mtandio unakaza.

"Nifungue."

"Ulisema nisikufungue."

"Nifungue, mwanangu, nitamkosa huyo."

Binti harudi nyuma wala hafungui. Anamshika mama yake kiuno. Kutoka bandani inasikika sauti ya chini ya kuku wanaosukumana kwenye fito, wakigombea nafasi. Kishingo anainua kichwa. Anakung'uta mabawa. Anapiga hatua tatu, anasimama, anatazama nyuma. Mama anafumba macho.

"Nane," binti anasema.

Mtandio haujafunguka vizuri, tayari mama ameshafika bandani kutia komeo.

Anataka wafike ishirini kabla ya mwaka kwisha. Jambo la pili analisema kwa sauti ya chini: binti ajifunze kuvuta dawa yake mwenyewe, na kukitikisa kichupa kila asubuhi ajue kimebaki kiasi gani. "Hilo naliogopa kuliko la kuku," anasema. "Lakini tumeanza jana."

Na kwa mwenye kuku wapya anaomba haya:

Usiwafungulie kabla ya wiki mbili, hata wakikutazama kwa huruma.

Siku ya kwanza usiwafungulie asubuhi. Ngoja ibaki saa moja tu ya jua.

Usiwashibishe kwanza. Chakula cha jioni kiwe ndani, kisiwe nje.

Usilihamishe banda, wala usigeuze mlango wake.

Usiwaswage kwa ufagio. Watalichukia banda.

Usiende kulala kabla ya kuwahesabu.

Maneno ya foleni usiyabebe mpaka nyumbani.

Na kuku usiwabebe. Ipo siku utachelewa.