Walisema ni Uzee Tu

Mama yangu alilima mpunga kijijini Mchombe hadi alipopita miaka sabini. Mikono ilipoanza kutetemeka na hatua kuwa fupi, kama za mtu anayepita kwenye utelezi, nilimleta kwangu Kibaoni. Uso nao ulikakamaa. Ukimchekesha, macho yanacheka, mdomo umetulia. Majirani wakasema yule mama anaringa.

Zahanati ya kwanza, tabibu hakumgusa hata mkono. "Ni uzee tu," aliniambia mimi, kana kwamba mama hayupo. Miezi ikapita. Hospitalini, mwingine akatambua ugonjwa wa kutetemeka, akaandika vidonge: mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Basi. Hakuongeza neno.

Asubuhi, baada ya uji mtupu, mama alimeza na kutembea peke yake hadi uani. Mchana, baada ya wali na kambale, alikwama mlangoni, mguu haunyanyuki. Nami, Mungu anisamehe, nilimkaripia: "Mama, asubuhi umetembea mwenyewe, sasa unadeka?" Machozi yalimtiririka, na uso haukukunjamana hata kidogo.

Tuliporudi hospitalini kwa kliniki tulimkuta daktari mpya, binti mdogo. "Shikamoo mama," alisema, akavuta kiti karibu naye. Akamuuliza anakula nini na saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Kisha akaeleza. Chembe za ubongo huzungumza kwa kupelekeana kemikali, na kuna vibebaji vinavyozisafirisha. Kila anayezeeka, vibebaji hivyo hupungua. Ndiyo maana wazee huwa wazito kidogo.

"Lakini ya kwako si uzee tu, mama. Chembe zinazotengeneza kemikali mojawapo zinakufa. Dawa hii inasaidia kuitengeneza, ila njia yake ya kuingia kwenye ubongo ndiyo hiyo hiyo ya protini ya samaki na maharage. Vikija pamoja, vinagombania nafasi. Samaki kula, usiache. Ila meza dawa nusu saa kabla."

Mama alinigeukia polepole. "Kwa hiyo sikuwa nadeka."

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya daktari.

Hakupona, na ugonjwa huu hauponi. Lakini wiki ile alivuka mlango mchana bila kushikwa. Furaha yangu ilidumu siku mbili, kisha hasira ikanipanda. Nikamfuata yule aliyeandika vidonge.

"Wazee hawashiki maelekezo marefu," alinijibu.

"Hukumpa hata mafupi! Na mimi niliyekuwa nimekaa hapa, ni mzee?"

Akaita mgonjwa anayefuata. Akaingia mzee anayetetemeka, ameshikwa na binti yake. Niliwasubiri kwenye benchi la nje. Walipotoka, nilimuuliza binti ameambiwaje kuhusu dawa.

"Baada ya chakula," akasema.

"Rudi ndani ukamuulize chakula gani," nikamwambia. "Nitakaa na mzee."